Mahali pa Kumshtaki Bwana Harusi

Mjini, 4 Februari

Baba yangu mpenzi,

Ukisikia mtu anacheka peke yake ngazini, ujue ni mwanao. Majirani wameshanizoea. Yule mama wa chini, mwenye nyumba, ananiita "Bibi Harusi" hata ninapokwenda kumwaga takataka, nami naitikia kama vile nimepewa cheo.

Tuna vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Dirishani naona mabati, mabati, na mabati mengine, lakini jioni jua likiyapiga yanakuwa kama maji, naapa. Mume wangu anaacha viatu vyake vya kazi, vyenye saruji, nje ya mlango, kisha anaingia kwa ncha za vidole kana kwamba mimi ni mtoto mchanga aliyelala. Akiwa bado barabarani hupiga mluzi, nami nakimbilia dirishani na mwiko mkononi. Juzi niliunguza mayai kwa sababu ya mluzi huo. Akayala yote, akasema hajawahi kula mayai yaliyokomaa kiasi kile. Baba, nani mwingine angeyala?

Jana alinisimamisha ukutani, akaniambia ninyooshe mkono, akapigilia rafu palepale vidole vyangu vilipofika. Kwa hiyo nyumba hii imepimwa kwa mwili wangu. Nilipika nikiwa na machozi.

Sasa nieleze: mabenchi yamefika wapi? Nauliza kwa ubinafsi kabisa. Unakumbuka siku ile alipokuja karakana kuagiza mabenchi ya ukumbi wa mviringo anaomjengea tajiri mmoja, nami nikamwandikia oda huku wewe unatafuta miwani iliyokuwa kichwani mwako? Mstari wa mwisho niliuandika hivi: "Mnunuzi atayapokea mabenchi yote hapa karakana, baada ya kulikalia kila moja yeye mwenyewe." Ndio utaratibu wako tangu sijazaliwa, benchi halitoki bila mwenyewe kulikalia, ila hatukuwa na desturi ya kuuandika. Mimi niliuandika kwa sababu nilikuwa nimeshampenda. Nilijua akinioa atanipeleka mbali, mwendo wa siku mbili, nikataka kuwe na neno litakalomrudisha huko, na mimi ubavuni pake. Yeye akausoma, akacheka mpaka akashika meza. "Fundi," akasema, "binti yako ameyafunga makalio yangu kwa mkataba!" Kisha akasaini.

Basi fanya haraka, Baba. Kila benchi unalomaliza linanisogeza nyumbani.

Msasa wako mwenye furaha isiyo na adabu


Karakana, 20 Februari

Kwa Msasa,

Barua yako nimemsomea shangazi yako kwa sauti, isipokuwa ile sehemu ya mluzi. Hiyo niliiruka kwa heshima ya nyumba. Akaniuliza mbona nimenyamaza katikati. Nikasema umeandika vibaya.

Mabenchi yako tayari, bado kupaka vanishi. Ni sitini. Hujapata kuona kitu kama hiki humu ndani. Benchi lililonyooka unalisimamisha ukutani, unalipanga juu ya mwenzake, linatulia. Haya yamepinda kufuata ukuta wa ukumbi ule, kila safu na mpindo wake, kwa hiyo hayataki ukuta wala hayatakani. Shangazi yako akiniletea uji hupita kwa ubavu kama kaa. Kila ubao niliupasua vipande vyembamba, nikavipaka gundi, nikavibana kwenye kalibu mpaka vikakubali. Mbao ni kama mkwe: ukiilazimisha haraka inapasuka.

Mwambie mwenzio nimemsikia akisifu mayai yaliyoungua, na kwamba nami nilianza hivyo hivyo na marehemu mama yako. Ajiandae kuja kukalia. Asije na suruali nyeupe.

Na kikohozi ulichokuwa ukiniulizia kabla hujaondoka ni vumbi tu. Fundi asiyekohoa ni muuza duka.

Baba yako


Mjini, 9 Machi

Baba mpendwa,

Nimecheka hapo kwenye suruali nyeupe mpaka mama mwenye nyumba akagonga dari kwa fagio.

Mume wangu anakusalimia sana. Kazi zimembana, anarudi amechoka, viatu anavitupa tu mlangoni, nami namkanda miguu na kumwimbia mpaka atabasamu. Nimegundua kwamba ndoa ni kazi ya kutafuta tabasamu la mtu mmoja kila siku, na ndiyo kazi nzuri kuliko zote.

Kuja kwetu huko kutachelewa kidogo. Mwenye ukumbi ni mtu wa kubadilibadilisha mawazo, leo hivi kesho vile, unawajua watu wenye fedha. Kwa hiyo nafikiri, Baba, usiharakishe vanishi. Hata ukiacha kabisa kwa sasa si vibaya. Pumzika. Nenda ukatembee jioni.

Nina gauni jipya la njano. Nikizunguka linazunguka baada yangu.

Msasa


Karakana, 2 Aprili

Kwa mkwe wangu, Mkandarasi,

Salamu zikufikie wewe na mwenzio.

Ujumbe ulioniletea kwa mdomo wa dereva wa lori nimeupata. Amesema mwenye ukumbi ameamua kuweka viti vya plastiki, na kwamba wewe huyahitaji mabenchi tena. Nilimwomba arudie, akarudia. Nikamwambia haiwezekani, mkwe wangu angeniandikia.

Mabenchi yale nimeyapinda kwa vipimo vya ukumbi ule mmoja duniani. Hayaingii darasani, hayaingii hospitali, hayaingii nyumba ya ibada. Hakuna mtu mwingine mwenye ukuta kama ule. Muuza mbao amekuja mara ya pili kuuliza haki yake, nikamwambia mnunuzi ni mwanangu, asiwe na wasiwasi.

Njoo uyakalie. Tukishakaa, tutazungumza kama baba na mwana, tuone kila mmoja abebe hasara ipi.

Mkweo, Fundi


Mjini, 14 Aprili

Baba mkwe, shikamoo.

Nimesoma barua yako kwa uchungu. Unajua ninavyokuheshimu. Lakini biashara ni biashara na undugu ni undugu, na tukivichanganya tutakosa vyote viwili. Mwenye ukumbi amenigeuka, hanilipi kazi ya mabenchi, nami siwezi kununua mzigo usio na pa kwenda. Hasara imetuangukia sote.

Ukiona umedhulumiwa, sitakukasirikia ukienda kwenye sheria. Ila mnunuzi hushtakiwa kwao, Baba, na kwangu ni huku. Mahakama iko mtaa wa pili kutoka kazini kwangu. Karibu sana. Utafikia nyumbani kwetu.

Tusimsumbue mwanao kwa haya. Ana furaha.

Mkweo, Mkandarasi


Mjini, 6 Mei

Baba,

Nilikuwa napiga pasi shati lake. Mtu akabisha hodi, nikafikiri ni mama mwenye nyumba. Alikuwa mtumishi wa mahakama na hati ya wito. Akauliza kama mimi ni mke wa mdaiwa. Nikasema hapana, mimi ni mke wa mkandarasi. Akacheka kidogo, akanionyesha jina la mdai, na lilikuwa lako.

Baba, umemshtaki mume wangu?

Na umemshtaki huko! Aje huko asimame kizimbani mbele ya watu walewale waliotupigia vigelegele miezi minne iliyopita? Yule kinyozi wa jirani, yule mwalimu wangu wa sekondari, wote waje kumtazama? Ungeweza kuniandikia. Ungeniambia, "Msasa, zungumza na mwenzio." Si ndiyo kazi uliyonipa jina kwayo, kulainisha?

Nilijua kuhusu viti vya plastiki. Nilijua tangu Machi. Nilimsikia akimwomba mwenye ukumbi kwenye simu, Baba, akimwita "mzee" kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, sauti ya mtoto anayeomba asichapwe. Ndiyo maana nilikuandikia uache vanishi. Nilidhani ukipumzika kidogo naye akipumua kidogo, mambo yatapata njia. Sikukuambia kwa sababu nilitaka barua zangu ziwe na furaha tu, upate kuzisoma kwa sauti.

Jana usiku hakula. Alikaa kitandani amenipa mgongo. Nikamwekea kichwa begani, akasema, "Baba yako ananitaka uchi mbele ya kijiji." Shati limeungua. Nililisahau.

Mwanao


Karakana, 15 Mei

Mwanangu,

Kalamu hii nimeishika na kuiweka chini mara nyingi. Wewe ndiye uliyekuwa ukiandika barua za nyumba hii.

Sikumshtaki mumeo ili aaibike. Muuza mbao alikuja na watu, wakazihesabu mashine zangu kwa macho. Nikaenda mahakamani kuuliza tu. Karani, kijana mpole mwenye tai fupi, akaniambia kile kile alichoniambia mumeo: mnunuzi hushtakiwa anakoishi. Nikashukuru, nikainuka. Akasema, "Subiri, mzee. Oda yenu ni ya mdomo au ya maandishi?" Nikamwonyesha. Akaisoma mpaka chini, akatabasamu kwenye ule mstari wako wa kukalia. Akasema ikiwa oda imeandikwa, na mnunuzi ameisaini, na ndani yake imetajwa mahali atakapopokea mzigo, basi anaweza kushtakiwa mahali hapo. "Nani aliyeandika hivi?" akauliza. Nikasema binti yangu. Akasema, "Amekuokoa safari ndefu."

Huko kwenu kesi ikiahirishwa nitarudi, ikiahirishwa tena nitarudi tena. Siku mbili kwenda, siku mbili kurudi. Mimi ni mtu mzima, Msasa. Hapa naweza kwenda kwa miguu.

Ya furaha yako nilikuwa nayajua hata bila kuyasoma kwa sauti. Uliponiandikia niache vanishi, nilielewa. Nikaipaka hivyo hivyo. Kazi haiachwi uchi.

Mwambie mwenzio ale.

Baba yako


Mjini, 3 Juni

Baba yangu,

Nimetia saini karatasi. Nakuambia mwenyewe kabla hujaisikia kwa karani mwenye tai fupi.

Wakili wake ameweka pingamizi. Anasema mahakama ya huko haina mamlaka juu yake, kwa kuwa ule mstari haukuwamo alipoisaini oda. Anasema niliuongeza baadaye, baada ya kuchumbiwa, kwa mapenzi na utoto. Nami nimeapa kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Usiitupe barua hii. Nisikilize mpaka mwisho kama ulivyokuwa ukinisikiliza nikirudi shule.

Alilia, Baba. Mwanaume aliyenipimia rafu alipiga magoti kwenye sakafu ya jikoni akalia kwenye gauni langu. Akasema akisimamishwa huko hataweza kunitazama tena, maana kila akinitazama atakumbuka. Akasema, "Sikatai kushtakiwa. Nataka tu nishtakiwe kwangu, kama kila mtu." Nami nikaona, je, si kweli? Haki yako iko palepale. Hakuna aliyesema hukuyatengeneza mabenchi. Ni mahali tu! Ni kama kuhamisha kitanda kutoka chumba hiki kwenda kile, kitanda si kile kile?

Basi njoo huku. Nimeshakupangia yote. Utalala chumba cha mbele, nimeshakufulia shuka. Asubuhi nitakutengenezea chai ya maziwa mengi, utavuka mtaa wa pili na kumshtaki, jioni mtakula meza moja, nami nitakaa katikati nikiwalazimisha kucheka. Kesi ikiahirishwa ndiyo bora zaidi, utakaa na mimi! Nilitaka neno moja limrudishe yeye huko. Sasa nimesema neno jingine likulete wewe huku. Si ni kitu kile kile?

Wakili aliponipa kalamu nikaiangusha, akasema mabibi harusi wote huiangusha wakisaini. Wakacheka. Nami nikacheka nao.

Niambie unakuja na basi la lini. Nitavaa gauni la njano ili unione kutoka mbali.

Msasa wako, usinikatae


Karakana, 19 Juni

Mwanangu,

Nimeondoa shauri.

Karani alinisomea kiapo chako. Nikamwomba anionyeshe sahihi. Ilikuwa yako, ile yenye mkia. Akasema, "Mzee, usife moyo. Kiapo hiki unaweza kukipinga. Mwite binti yako aje ahojiwe. Utamuuliza maswali mwenyewe mbele ya hakimu: uliandika lini, nani alikuwepo, alisema nini aliposoma. Akisema ukweli, umeshinda. Akishikilia uongo, tutaujua, na ana makosa kwa sheria."

Nikajiona nimesimama pale, nawe umesimama kule, na mimi nakuuliza kama u mwongo. Nimekufundisha kutembea kwa kukushika vidole hivi.

Nikamwambia aniletee fomu ya kuondoa shauri. Akasema naweza kulifungua tena siku nyingine nikitaka, mradi nisikawie. Nikasema haya.

Huko siji. Usinisubiri stendi, na shuka zitandue. Nina shughuli nyingi hapa.

Mimi sina kinyongo nawe. Lala na mumeo kwa amani. Ila usiniandikie kwa muda, mwanangu, mpaka nipate nguvu ya kusoma.

Baba yako


Nyumbani, 2 Julai

Wewe mtoto wa kaka yangu,

Mimi si mwandishi na sina sukari ya kupaka maneno. Kaka kanikataza kukuambia. Amelala, kwa hiyo nakuambia.

Umemwita aje huko apande basi siku mbili. Baba yako hawezi kupanda ngazi za posta! Tangu mwaka jana daktari kamwambia mapafu yamejaa vumbi la mbao, asisafiri, atulie. Harusini kwako ulimwona amekaa tu, ukadhani ni heshima ya mzazi. Alikuwa anatafuta pumzi. Aliniapisha nisikwambie kwa sababu, alisema, ukijua hutaolewa mbali. Alikuwa anakupenda namna hiyo, mpumbavu mmoja.

Yale mabenchi aliyapinda akikohoa damu kwenye kitambaa. Kitambaa nakifua mimi, kwa hiyo najua.

Muuza mbao kachukua mashine zote, hata ile randa kubwa ya umeme. Mabenchi kayaacha, kasema yeye si mwendawazimu wa kubeba mbao zilizopinda. Sasa baba yako anakaa humo katikati yake mchana kutwa. Nikimuuliza anafanya nini anasema anayakalia kwa niaba ya mteja.

Eti "ni mahali tu." Kanisomea hilo neno lako. Kalisoma mara moja, hakulirudia. Mwanangu, kwa mtu mwenye miguu ni mahali tu.

Haya. Nimesema. Uji unaungua.

Shangazi yako


Mjini, 11 Julai

Mpenzi wangu,

Nimerudi kazini nikapiga mluzi, hakuna mtu dirishani. Nimepiga tena kama mjinga mpaka vijana wa dukani wakaniangalia. Mama mwenye nyumba ndiye aliyeniambia umeondoka na basi la asubuhi. Umeacha hata gauni la njano.

Nimekuta barua ya Shangazi mezani, nimejua umekwenda kwa Baba na kwamba anaumwa; kabla ya hapo sikujua, naapa kwa jina la mama yangu. Lakini sikiliza. Ningefanyaje? Ningeshindwa kule, benki ingesikia, mafundi wangu wangesikia, na wewe ungeolewa na mtu aliyefilisika kabla ya mwaka. Nilikuwa nawalinda wewe na nyumba hii. Sikumkatalia Baba haki yake, nilikataa mahali tu. Hata wewe uliona hivyo.

Alishaondoa shauri, kwa hiyo yamekwisha. Mpe pole yangu. Mambo yakikaa vizuri nitamtumia kitu cha dawa.

Rudi. Silali. Nikigeuka kitandani napapasa ukuta.

Wako peke yako


Karakana, 20 Julai

Laazizi wangu,

Bado nakuita hivyo. Nilijaribu kuanza kwa neno jingine nikachana karatasi mbili.

Nilipofika, Baba alikuwa amekaa kwenye benchi la safu ya nyuma, lile refu kuliko yote. Alikuwa amekonda hata shati likawa linakaa lenyewe. Hakuniuliza kwa nini. Aliniuliza, "Mumeo hajambo?" Nikasema hajambo. Akasogea kunipisha. Tukakaa pale, nami kwa mara ya kwanza nikaona kazi uliyoagiza. Ukikaa mwisho mmoja wa benchi lile, unamwona usoni mtu aliyekaa mwisho wa pili, kwa jinsi lilivyopinda. Hulazimiki kugeuka. Alilifanya hivyo makusudi, watu wakikutana waonane. Nilikaa namwona baba yangu anavuta pumzi moja moja, kama mtu anayeteka maji kwenye kisima kinachokauka.

Siku ya pili nilikwenda mahakamani. Nikamwambia karani niliapa uongo, nataka kuufuta, shauri lifunguliwe hapa. Akaniambia inawezekana, ila hakimu atataka kujua nani aliyeniambia niseme hivyo, na mimi mwenyewe naweza kuadhibiwa. Nikasema sawa. Nikarudi kumwambia Baba. Akakataa. Hajawahi kunipandishia sauti maishani, na hata sasa hakuwa na sauti ya kupandisha, lakini alikataa. "Sifungui mlango wa haki yangu kwa kichwa cha mtoto wangu," alisema. Shangazi akalia, mimi nikalia, yeye akakohoa, na basi.

Kisha nikasoma tena barua yako. Umesema hukumkatalia haki, ulikataa mahali tu. Nami niliwahi kusema hivyo hivyo, na kwa maneno yale nimemmaliza baba yangu. Kwa hiyo tusibishane tena juu ya mahali. Nakupa lile unalolitaka. Mnunuzi hushtakiwa anakoishi, na hilo halihitaji mstari wangu wala kiapo changu. Baba hawezi kusafiri. Mimi naweza. Karani ametutengenezea hati ya uwakili, nishtaki kwa niaba yake, na Baba ameisaini jana baada ya Shangazi kumwambia, "Kaka, mtoto ameshakua, mwache abebe."

Kabla ya kusaini aliniuliza, "Utamshtaki mumeo?"

Nikasema, "Nitamshtaki mnunuzi, Baba. Mume nitamlilia."

Wakili wako atakitoa kile kiapo aseme mimi ni mwongo. Nitamtangulia. Nitamwambia hakimu mwenyewe, kabla hajakaa vizuri, kwamba niliapa uongo na niliapa kwa mapenzi, na wanipe adhabu wanayoona inafaa. Sitasema ulipiga magoti. Hilo ni letu, litabaki jikoni.

Usidhani nimeacha kukupenda. Laiti ningekuwa nimeacha! Ningesafiri nikiwa nimelala. Kila mtu anasema mwenye hasira ana nguvu, nami sina hasira, nina hamu na wewe tu, na nitapanda basi siku mbili na hamu hiyo kuja kukushtaki. Karani ameniuliza kama nina mahali pa kufikia huko. Nikasema nina mume huko. Akaandika anuani, halafu akasita, akaikata.

Nitafikia kwa mama mwenye nyumba. Ameshakubali nilale chumba chake cha chini mpaka kesi iishe. Utakuwa juu, nami chini. Nitakusikia ukivua viatu. Nakuomba kitu kimoja, na hiki nakuomba kama mke: usije kunigongea usiku. Njoo mahakamani mchana, na koti lako, na wakili wako, uniite jina lolote mtakalotaka. Lakini usiku usishuke. Usishuke hata kuuliza hali ya Baba.

Maana nitafungua.

Mkeo